Bao la Siku ya Kushindwa



Masomo uliyokwisha soma yalikuwa ya kilimo, afya na hesabu za nyumbani. Somo hili ni la mpira wa miguu. Usishangae. Mpira una hesabu zake, tena hesabu hizo huchapwa magazetini kila wiki. Mtu asiyejua kuzisoma hungoja aambiwe na mwingine. Wewe sasa unajua kusoma. Huna haja ya kungoja.

Tena mpira ni jambo letu sote. Siku timu ya taifa, Taifa Stars, inapocheza, pita Bagamoyo mjini, pita Kaole, Mlingotini, Zinga na Kerege, au panda juu mpaka Kiwangwa na Msata. Utakuta watu wamekusanyika penye redio au penye televisheni. Wazee wapo. Akina mama wapo. Hata yule aliyesema asubuhi kwamba mpira ni mchezo wa watoto, naye yupo, tena amekaa mbele.

Katika somo hili tutasoma habari za bao moja. Bao hilo lilifungwa siku ambayo timu yetu ilishindwa. Watu wengi walilisahau usiku ule ule. Wiki moja baadaye, bao hilo ndilo lililotuvusha.

MCHEZO NA NIGERIA

Mwezi wa Desemba 2025 nchi ya Moroko iliandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Nchi 24 zilipeleka timu zao. Timu hizo ziligawanywa katika makundi 6, kila kundi timu 4. Tanzania iliwekwa kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda.

Tarehe 23 Desemba Taifa Stars ilicheza na Nigeria katika mji wa Fes. Nigeria si timu ya kuchezea. Ilikwisha chukua kombe hilo mara 3, na wachezaji wake wengi wako katika klabu kubwa za Ulaya. Katika kipindi cha kwanza Nigeria wakapata bao. Mara baada ya mapumziko Charles M'Mombwa akaisawazishia Tanzania. Tulishangilia, lakini furaha haikukaa. Dakika chache tu zilipita, Ademola Lookman akaifungia Nigeria bao la pili. Mchezo ukaisha hivyo: Nigeria 2, Tanzania 1.

Usiku ule maneno yalikuwa yale yale ya miaka yote. "Tumezoea." "Hawa wamekwenda kutalii." Redio zikazimwa, watu wakaenda kulala. Waliokaa kulizungumza bao la M'Mombwa walikuwa wachache. Bao la kazi gani, na timu imekwisha fungwa?

Weka alama hapo. Tutalirudia.

KUSOMA JEDWALI

Katika mpira timu ikishinda hupata pointi 3. Ikitoka sare, yaani mabao yakiwa sawa, kila timu hupata pointi 1. Ikishindwa haipati kitu.

Baada ya Nigeria, Taifa Stars ilicheza na Uganda tarehe 27 Desemba. Simon Msuva alifunga kwa penalti, Uganda wakasawazisha. Matokeo 1 kwa 1. Tarehe 30 Desemba ilicheza na Tunisia. Tunisia walitangulia kufunga kwa penalti. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Feisal Salum akasawazisha. Matokeo tena 1 kwa 1.

Sasa soma jedwali la kundi letu. Soma polepole, mstari kwa mstari. Michezo ni 3 kwa kila timu.

Nigeria: imeshinda 3, sare 0, imeshindwa 0. Imefunga mabao 8, imefungwa 4. Pointi 9.
Tunisia: imeshinda 1, sare 1, imeshindwa 1. Imefunga mabao 6, imefungwa 5. Pointi 4.
Tanzania: imeshinda 0, sare 2, imeshindwa 1. Imefunga mabao 3, imefungwa 4. Pointi 2.
Uganda: imeshinda 0, sare 1, imeshindwa 2. Imefunga mabao 3, imefungwa 7. Pointi 1.

Ukitaka kujua kama jedwali limeandikwa sawa, jumlisha mabao yote ya kufunga. 8 na 6 na 3 na 3 ni 20. Kisha jumlisha mabao yote ya kufungwa. 4 na 5 na 4 na 7 ni 20. Lazima hesabu hizo mbili zilingane, maana kila bao alilofunga mmoja, mwingine amefungwa. Zisipolingana, mwandishi amekosea. Hesabu hii inafaa hata katika daftari la chama cha akiba na mikopo: fedha zilizotoka kwa mmoja lazima zionekane zimeingia kwa mwingine. Lakini hilo ni somo jingine.

Tanzania ilikuwa ya 3. Wa 1 na wa 2 katika kila kundi walipita moja kwa moja. Makundi ni 6, kwa hiyo waliopita hivyo walikuwa 12. Zilitakiwa timu 16. Zilibaki nafasi 4. Nafasi hizo wakapewa wale wa 3 waliofanya vizuri kuliko wenzao. Wa 3 walikuwa 6, basi 4 wapite na 2 warudi nyumbani.

Sudani, Benini na Msumbiji walikuwa na pointi 3 kila mmoja. Hao wakapita. Ikabaki nafasi 1, na timu zilizoigombea zilikuwa 3: Tanzania, Angola na Komoro. Zote zilikuwa na pointi 2.

Pointi zikilingana, hutazamwa tofauti ya mabao. Tofauti ya mabao ni mabao ya kufunga ukitoa mabao ya kufungwa. Komoro haikufunga hata bao moja, na ilifungwa 2. Imepungukiwa na 2. Angola ilifunga 2, ikafungwa 3. Imepungukiwa na 1. Tanzania ilifunga 3, ikafungwa 4. Nayo imepungukiwa na 1.

Komoro ikatoka. Tanzania na Angola bado ziko sawa. Hapo ndipo hutazamwa nani amefunga mabao mengi zaidi. Angola 2, Tanzania 3.

Tanzania ikapita kwa bao 1.

Sasa rudi kwenye mchezo na Nigeria. Tuseme M'Mombwa hakufunga, tukafungwa 2 kwa 0. Tungekuwa na mabao 2 ya kufunga na 4 ya kufungwa. Tungepungukiwa na 2, na Angola ingepita. Au tuseme alifunga, lakini baada ya bao la pili la Nigeria walinzi wetu wakakata tamaa, tukafungwa 3 kwa 1. Mabao 3 ya kufunga, 5 ya kufungwa. Tumepungukiwa na 2. Angola ingepita vile vile.

Kwa hiyo waliotuvusha si aliyefunga peke yake. Ni pamoja na wale waliozuia bao la tatu usiku ambao sisi tulikuwa tumezima redio.

KUJIAMINI SI KUJISIFU

Mara nyingi tunasikia wachezaji wetu sasa wanajiamini. Neno hilo ni zuri, ila watu hulichanganya na kujisifu. Anayejisifu husema kabla ya kazi. Mpe kazi, ikiwa ngumu, hutafuta wa kumlaumu. Anayejiamini huenda hasemi kitu.

Tena katika timu kujiamini si jambo la mtu mmoja. Hebu tutazame linavyofanya kazi uwanjani. Timu ina wachezaji 11. Mmoja ni mlinda mlango. Wengine ni walinzi, viungo na washambuliaji. Timu ikiwa nyuma kwa bao 1 inataka kusawazisha, na ili isawazishe ni lazima mlinzi mmoja apande mbele kuongeza nguvu. Akipanda, mahali pake panabaki wazi. Adui akiupata mpira atapita hapo hapo. Basi mlinzi huyo anajiuliza: nikipanda, kiungo atarudi kuziba pengo langu? Kama anamwamini mwenzake, atapanda. Kama hamwamini, atabaki nyuma. Na akibaki nyuma, mshambuliaji atakuwa peke yake mbele, amezungukwa na watu watatu. Hapo bao halipatikani. Watazamaji watasema mshambuliaji hana mguu. Kumbe shida ilianzia nyuma, kwa watu wawili wasioaminiana.

Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu kukalafatiwa, siku ya kukishua hukusanyika watu wengi. Huweka magogo chini ili chombo kiteleze. Mmoja huita, wengine huitikia na kusukuma kwa pamoja. Anayesukuma ubavuni hatazami gogo limewekwa au halijawekwa. Hana nafasi ya kutazama, uso wake umeelekea ubao. Anasukuma kwa sababu anajua yule wa magogo yuko mahali pake. Siku yule wa magogo akienda kuvuta sigara, chombo kitalala ubavu na mtu ataumia. Watu 20 wenye nguvu, kila mmoja akisukuma kwa wakati wake, hawatakitoa hata hatua moja. Watu 12 wanaoitikia pamoja watakifikisha majini.

Si ajabu kwamba kiongozi wa wachezaji uwanjani anaitwa nahodha. Neno hilo limetoka chomboni. Nahodha huangalia upepo, lakini hawezi kushika usukani, kutweka tanga na kuchota maji yaliyoingia ndani, yote peke yake. Mbwana Samatta, ambaye kwa miaka mingi amekuwa nahodha wa Taifa Stars, ni mchezaji mwenye sifa kubwa. Mwaka 2015 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, na mwaka 2020 alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hata hivyo katika mabao 3 yaliyotuvusha Moroko hakuna lililofungwa na Samatta. M'Mombwa alifunga 1, Msuva 1, Feisal 1. Watu watatu tofauti katika michezo mitatu. Zamani tulikuwa tukimtazama mtu mmoja na kumwombea dua.

NJIA ILIKUWA NDEFU

Usidhani mambo haya yalianza jana. Wazee wanakumbuka mwaka 1979. Mwezi wa Agosti mwaka huo Taifa Stars ilikutana na Zambia kutafuta nafasi ya fainali za Afrika. Dar es Salaam tulishinda 1 kwa 0. Mchezo wa pili ulikuwa Ndola, kwa Zambia wenyewe, na sare ilitosha. Zambia wakatangulia kufunga. Muda ukawa unakwisha. Ndipo Peter Tino akasawazisha, ikawa 1 kwa 1. Watu waliokuwa na redio siku ile hawajaisahau, na hata leo ukitaja jina la Tino mbele ya mzee wa miaka 65 atakusimulia bila kuombwa.

Fainali zilifanyika Nigeria mwezi wa Machi 1980. Timu zilikuwa 8 tu. Langoni alikuwepo Juma Pondamali, na kikosini walikuwemo watu kama Leodegar Tenga na Jella Mtagwa. Tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, na bao letu alifunga Juma Mkambi. Tulifungwa na Misri 2 kwa 1. Tukatoka sare na Kodivaa, 1 kwa 1. Katika michezo hiyo miwili ya mwisho mabao yetu alifunga Thuweni Ally.

Baada ya hapo ikapita miaka 39 bila kurudi. Miaka 39! Mtoto aliyezaliwa mwaka 1980 alikua, akaoa, akapata watoto, nao wakaanza kucheza mpira, timu yetu haijarudi. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa nchi yetu, aliwahi kuifananisha michezo yetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi anajifunzia kunyoa. Neno hilo lilishika. Mpaka leo Taifa Stars ikifungwa, kuna mtu atalitaja.

Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3 kwa 0 Dar es Salaam, ikapata nafasi ya kwenda fainali za Misri. Magari yaliyotoka kwetu Bagamoyo siku ile, kilomita kama 70 kupitia Bunju na Tegeta mpaka uwanja ulioko Temeke, yalirudi usiku yakiimba. Huko Misri lakini tulifungwa michezo yote 3, na Senegali, Kenya na Aljeria. Pointi 0.

Januari 2024 tulikwenda tena, safari hii Kodivaa. Moroko walitufunga 3 kwa 0. Katika mchezo wa pili tuliongoza mbele ya Zambia kwa bao la Msuva. Zambia walitolewa mchezaji mmoja kwa kadi nyekundu, wakabaki 10. Tuliongoza mpaka dakika za mwisho kabisa, kisha wakasawazisha. Kwa maoni yangu, siku ile ndiyo iliyoonyesha wazi tulichokuwa tumepungukiwa. Miguu tulikuwa nayo, pumzi tulikuwa nayo, lakini tuliongoza kama mtu aliyeshika mali isiyo yake. Tulimaliza na sare ya 0 kwa 0 na Kongo. Pointi 2, tukarudi nyumbani.

Fungua macho hapa, maana hapa ndipo hatua ilipopigwa. Mwezi wa Oktoba 2024, katika kutafuta nafasi ya fainali za Moroko, tulifungwa na Kongo mara 2 mfululizo: 1 kwa 0 kwao Kinshasa, na 2 kwa 0 hapa hapa Dar es Salaam. Wengi wakasema basi. Ikabaki michezo 2. Tarehe 16 Novemba tukaifunga Ethiopia 2 kwa 0. Tarehe 19 Novemba ikaja Gine. Gine walikuwa na pointi 9, sare iliwatosha. Sisi tulikuwa na pointi 10 tukishinda, na tusiposhinda tulikuwa tumetoka. Kipindi cha pili Msuva akafunga. Wakalilinda bao lile moja mpaka filimbi ya mwisho. Linganisha na mchezo wa Zambia miezi 10 nyuma. Wachezaji wengi walikuwa wale wale.

Mwezi wa Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Taifa Stars ilicheza nyumbani katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Iliifunga Burkina Faso 2 kwa 0, Moritania 1 kwa 0, Madagaska 2 kwa 1, ikatoka 0 kwa 0 na Afrika ya Kati. Michezo 4, imefungwa bao 1 tu. Kisha ikatolewa na Moroko 1 kwa 0, na Moroko ndio waliochukua kombe. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, Mtanzania mwenzetu.

Mwezi wa Novemba 2025, fainali zikiwa karibu kuanza, kocha alibadilishwa, akapewa kazi Miguel Gamondi kutoka Ajentina. Kubadili nahodha chombo kikiwa kimekwisha ng'oa nanga ni jambo la hatari, na wako waliolaumu. Timu haikuvunjika. Nadhani ni kwa sababu wachezaji walikuwa wamezoeana kabla ya kocha kuwazoea.

NA SIMBA NA YANGA JE?

Huwezi kuzungumza mpira Tanzania bila kutaja Simba na Yanga. Wamo katika kila kijiji, na sina shaka wamo katika darasa lako. Pengine hata mwalimu wako ana upande wake, ila hasemi.

Wachezaji wa Taifa Stars hutoka Simba, Yanga, Azam na timu nyingine, wengine hutoka Zanzibar, wengine hucheza nchi za nje. Jumamosi watu wawili wanapigana vikumbo, mmoja na jezi nyekundu, mwingine ya kijani. Jumanne wanavaa jezi moja na kutakiwa kupeana pasi. Si rahisi. Na mashabiki huongeza ugumu. Kwa miaka mingi mchezaji wa Simba akikosea katika timu ya taifa, shabiki wa Yanga alifurahi, na shabiki wa Simba alifanya vivyo hivyo kwa wa Yanga. Mchezaji anayezomewa na nusu ya uwanja wa nyumbani kwao haombi mpira. Anajificha nyuma ya adui ili asipewe pasi. Ukimtazama vizuri utamwona.

Jambo hili halijakwisha, ila limepungua. Agosti 2025 uwanja wa Mkapa ulijaa watu wa pande zote mbili wakishangilia jezi moja. Katika mchezo wa kwanza Mohamed Hussein wa Yanga, aliyekuwa Simba muda mfupi kabla, alifunga bao, na hakuna aliyeuliza amehama lini. Katika mchezo wa pili Shomari Kapombe wa Simba alifunga dakika za mwisho, na watu wa Yanga waliruka juu.

Wanawake nao wasisahauliwe. Timu yao, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika mwaka 2010 huko Afrika Kusini, ikarudi tena Julai 2025 huko Moroko. Miaka 15 katikati. Habari zao zinastahili somo zima.

YALIYOBAKI

Sasa tusije tukajisifu, maana tumesema kujisifu si kujiamini. Bahati nayo ilikuwepo. Katika mchezo na Uganda, dakika za mwisho kabisa, Uganda walipewa penalti, mpigaji akaikosa. Angeifunga, tungekuwa na pointi 0 mpaka hapo, na hesabu yote uliyoisoma juu isingekuwepo. Na kanuni zilitusaidia. Pointi 2 zilizotuvusha Moroko ni sawa na pointi 2 zilizoturudisha nyumbani kutoka Kodivaa. Kule tulimaliza wa 4 katika kundi, huku wa 3.

Tarehe 4 Januari 2026, katika hatua ya timu 16, ambayo Tanzania haijawahi kuifikia kabla ya hapo, tulicheza na wenyeji Moroko mjini Rabat. Uwanja wote ulikuwa wao. Tulifungwa 1 kwa 0, bao la Brahim Díaz katika kipindi cha pili. Miaka 2 nyuma timu hiyo hiyo ilitufunga 3 kwa 0. Kipimo kimoja hakitoshi, lakini nacho ni kipimo.

Na mpaka siku hiyo Taifa Stars ilikuwa haijashinda mchezo hata mmoja katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu 1980. Imecheza fainali 4. Imetoka sare mara 5. Ushindi 0. Sare 5 hizo usizidharau, na 0 hiyo usiifiche.

MANENO YA KUJIFUNZA

Sare: matokeo ambayo timu mbili zina mabao sawa.
Kusawazisha: kufunga bao linalofanya matokeo yawe sawa.
Tofauti ya mabao: mabao ya kufunga ukitoa ya kufungwa.
Kiungo: mchezaji wa katikati, anayeunganisha walinzi na washambuliaji.
Kukalafati: kuziba nyufa za chombo ili maji yasiingie.

MASWALI NA KAZI

1. Tanzania ilipata wapi pointi zake 2 huko Moroko? Taja michezo na matokeo.

2. Tuseme mpigaji wa Uganda aliifunga penalti yake. Andika upya mistari ya Tanzania na Uganda katika jedwali. Nani angekuwa wa 3?

3. Kutoka 1980 mpaka 2019 ni miaka mingapi? Wewe ulikuwa na umri gani Taifa Stars iliporudi fainali mwaka 2019?

4. Mlinzi anahitaji kujua nini kuhusu mwenzake kabla ya kupanda mbele? Zungumzeni darasani. Je, katika kazi yako, iwe kuvua, kulima mananasi au kupanda mwani, ni nani anayeziba pengo lako ukiondoka mahali pako?

5. Katika kijiji chako kuna timu. Tafuta matokeo ya michezo yake 3 ya mwisho. Tengeneza jedwali, kisha jumlisha mabao uone kama hesabu zinalingana.

6. Waulize watu 5 wanaopenda mpira: nani aliifungia Tanzania bao katika mchezo na Nigeria, Desemba 2025? Andika katika daftari wangapi wamekumbuka jina lake, na wangapi wamekumbuka tu kwamba tulifungwa.